Jumamosi ya Kisii na Hijabu ya Watoto Wetu

Mtu wa Pwani aingiapo Kisii au Nyamira siku ya Jumamosi hukuta boma baada ya boma limetulia. Majani ya chai hayachumwi, na wenyewe wamevaa nguo zao nzuri wanaelekea kanisani. Hao ni Wasabato. Nguruwe hawali, pombe hawanywi, na siku yao, kama yetu, huanza jua likitua.

Dhehebu hilo lilifika Nyanza mwaka 1906, pale Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Malawi, walipopiga kambi Gendia, karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 1912 kikafunguliwa kituo cha Nyanchwa, Kisii. Vita vilipofika huko Septemba 1914 kituo kiliporwa, lakini kazi ikaendelea. Wamisionari hawakuleta mahubiri peke yake, bali na shule pia. Aliyetaka kusoma alipita mlango wa kanisa. Ndivyo Sabato ilivyoota mizizi.

Mlango huo ndio waliouogopa wazee wetu wa Pwani, wakichelea watoto wasije wakabadili dini. Leo shule nyingi za namna hiyo ni za umma, ila kanisa lililozianzisha bado ni mfadhili mwenye sauti. Basi mwanafunzi wa dini nyingine aiache dini yake langoni?

Wasabato, ambao watoto wao walilazimishwa masomo na mitihani siku ya Jumamosi, walilipeleka jambo hilo kortini. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikawapa haki yao: shule ziwaachie nafasi tangu magharibi ya Ijumaa hadi magharibi ya Jumamosi. Mwaka mmoja kabla, mahakama hiyo hiyo iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Lakini Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba dai halikuwasilishwa ipasavyo.

Mlango wa kudai upya, basi, haukufungwa. Sabato na hijabu zote mbili zimesimama juu ya Katiba moja ya 2010, inayolinda uhuru wa kuabudu. Anayeitetea hijabu na aitetee Sabato ya Mkisii pia. Haki ikibomolewa upande mmoja, upande wa pili haukai.