Familia Mwenyeji Inafanya Kazi, Ilipwe

Sikubaliani hata kidogo na mwandishi aliyedai kwamba familia zinazowapokea walimu wa Kiingereza ughaibuni ndizo zinazofaidi kuliko wote, eti kwa kuwa watoto wao hupata Kiingereza cha bure mezani. Tuitazame nchi ya Georgia. Mwaka 2010 serikali ilianza kuwaleta wageni wasaidie kufundisha katika shule za umma, wakilala majumbani mwa wenyeji. Mwanzoni posho ya mwalimu ilikuwa lari 500 kwa mwezi, na familia ilipata 100 tu kati ya hizo. Kwa fedha hiyo mama mwenye nyumba apike, afue, na wakati wa baridi, kijijini ambako mara nyingi chumba chenye jiko la kuni ndicho pekee chenye joto, familia nzima ijibane humo na mgeni. Huko si kufaidi. Tena programu haikudai cheti cha ualimu. Aliyemfundisha mgeni kusalimia, kula na kuwaelewa wanafunzi wake ni huyo huyo mama. Hiyo ni kazi ya ukufunzi. Wanaopanga programu za namna hii waiweke kwenye bajeti.