Je, Nairobi inaweza kubeba redio ya kantri?

Najua niliahidi kumalizia somo la hifadhidata wiki hii, lakini mjomba wangu amenichokoza kwa swali ambalo limekataa kunitoka kichwani. Somo litarudi, msijali.

Mjomba ana hadwea hapa Njiru, hatua chache kutoka Barabara ya Kangundo. Jumapili baada ya kanisa hauzi simiti. Anatoa viti nje na majirani wanakuja mmoja mmoja: mzee Mkamba wa ploti ya pili, fundi wa mabomba kutoka Kakamega, Mmeru mwenye bucha, na sisi vijana wa kutumwa soda. Muziki ni kantri tupu: Jim Reeves, Don Williams, Dolly Parton, Kenny Rogers. Zote ziko kwenye flashi iliyochomekwa kwenye redio.

Jumapili iliyopita akanigeukia. "Wewe si ndiwe uliyesomea kompyuta? Mji huu una stesheni za kila lugha na kila kanisa. Ya kantri iko wapi? Hebu tengeneza moja."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu niliwahi kujaribu. Nitawaeleza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msichoke: stesheni ya FM ya kantri pekee, saa 24, haitadumu Nairobi. Lakini anayesema ni kwa sababu mji una makabila mengi, au kwamba huo ni muziki wa wazungu wa mashambani, amekosea. Wapenzi wapo tele. Kinachoiua stesheni hiyo ni hesabu, na hesabu ni kitu ambacho watu wa programu tunaweza kukishughulikia.

WAPENZI WAPO, TENA TANGU ZAMANI

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki 1933, jina lake likiwa limetamkwa Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimewafikia huko Bonde la Ufa, nao wakamgeuza kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Hiyo ni zaidi ya miaka 70 iliyopita!

Kisha waulize wazazi wako kuhusu kipindi cha Sundowner cha idhaa ya Kiingereza ya KBC. Na ukienda leo kwenye usiku wa mugithi, mtu mmoja na gitaa lake, sikiliza jinsi anavyolipiga utasikia kantri imejificha humo ndani. Wapo pia wanaoiimba waziwazi: Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, na Esther Konkara, ni Wakenya walioshikilia kantri bila aibu.

Kwa nini tunaipenda? Nadhani ni kwa sababu karibu kila mtu hapa ana ushago. Nyimbo hizi zinahusu mtu aliyeondoka nyumbani, mama aliyebaki, shamba, kanisa na pombe. Mtu aliyepanda basi kuja mjini kutafuta kazi haelezwi mara mbili.

HESABU YA MASAFA

Sasa twende kwenye mitambo. Bendi ya FM inaanzia 87.5 hadi 108, yaani upana wa megahezi 20.5. Tukiacha nafasi ya 0.4 kati ya stesheni moja na nyingine ili zisiingiliane, tunapata kama nafasi 51 kwa mji mzima. Basi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na kaunti ndogo ya Njiru peke yake 626,482. Watu wanaongezeka, masafa hayaongezeki. Ndiyo maana Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera hutumia masafa yaleyale, 99.9, kwa nguvu ndogo ili kila moja ibaki mtaani mwake.

Kitu kikiwa haba, swali la mwenye nacho halibaki "je, kuna watu wanataka kantri?" Linakuwa "je, kantri italipa kuliko kitu kingine chochote nitakachoweka hapa?" Hayo ni maswali mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya.

Tazameni New York, mji mkubwa na mchanganyiko kuliko wetu, tena nchini kwenye kantri yenyewe. Stesheni ya WHN ilicheza kantri tangu 1973, ikageuzwa kuwa redio ya michezo mwaka 1987. WYNY ikachukua nafasi yake, nayo ikaacha kantri 1996. Ikapita miaka 17 mpaka Januari 2013 ndipo masafa ya 94.7 yakarudisha kantri. Oktoba 2021 nayo yakahamia hip hop ya zamani. Los Angeles nako KZLA iliacha kantri 2006, na stesheni nyingine ikaichukua mwaka uliofuata.

Mnaona mtindo? Wasikilizaji hawakufa 1987 wakafufuka 2013. Kila mara mwenye masafa alitafuta kitu cha kumlipa zaidi. Kama New York inashindwa kuitunza stesheni moja, sisi wenye matangazo machache ya biashara tutaiweza vipi?

NILIJARIBU MWENYEWE

Nikiwa nimetoka chuo nilikodi seva ndogo, nikaweka Icecast, ambayo ni programu huria ya kurusha sauti mtandaoni, na kupakia nyimbo za mjomba. Sikuwa na leseni ya muziki, kwa hiyo nilifunga kwa nywila, ikawa ya familia na majirani tu. Nilijiona mkurugenzi wa KBC.

Nilifanya kosa la kijana anayetaka sifa: nikarusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde ili sauti iwe safi. Piga hesabu: hiyo ni megabaiti 57.6 kwa saa. Yule mzee Mkamba akaiacha simu ikicheza mchana kutwa, jioni bando limekwisha. Alidhani nimemwibia! Nilimrudishia pesa zake, naye akarudi kwenye flashi.

Lakini kumbukumbu za seva zilinifundisha kitu. Jumatatu hadi Ijumaa hapakuwa na mtu. Jumamosi jioni wawili watatu. Jumapili, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, wote walikuwa ndani, na hakuna aliyetoka mpaka giza. Mara ya kwanza nilidhani seva imeharibika siku zile nyingine.

Hiyo ni seva ya watu wachache, si utafiti. Ila inafanana na ninachokiona kwa macho yangu. Mpenzi wa kantri Nairobi hasikilizi kantri siku nzima. Asubuhi kwenye matatu anataka mzaha na habari, mchana anataka lugha ya kwao, Jumapili ndipo anataka Jim Reeves. Wiki ina saa 168. Saa nne za Jumapili ni asilimia 2.4 tu. Mwenye masafa analipia saa zote 168, sasa hizo nyingine 164 atazijaza na nini?

KWA NINI NISIACHE TU?

Utaniambia: Spotify iliingia Kenya Februari 2021, YouTube ipo, kila mtu ajisikilizie. Kweli. Lakini hapo kila mtu ana spika yake ya masikioni na orodha yake. Pale kwa mjomba watu watano wanasikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja, kisha wanabishana nani aliuimba.

Tena angalieni redio zetu zilivyogawanyika. Kameme na Inooro ni za Kikuyu, Ramogi ya Dholuo, Musyi ya Kikamba, Mulembe ya Kiluhya. Sizilaumu, nyanya yangu hupata habari zote kwa lugha yake. Lakini Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilisema baadhi ya redio za lugha za mama zilichangia chuki. Nilikuwa mtoto wakati huo. Nakumbuka viti vya mjomba vilikaa ndani miezi kadhaa, na vilipotoka tena, aliyevitoa aliweka kwanza muziki ambao haukuwa wa kabila la yeyote pale. Sijasahau hilo.

NINGEFANYA HIVI

Kwanza, tusiombe stesheni, tuombe saa. Saa nne za Jumapili kwenye stesheni iliyopo tayari, ya Kiswahili au Kiingereza. FM haimli mtu bando, na mtambo unagharimu kilekile wakisikiliza kumi au laki moja. Wadhamini wanajulikana: hadwea, agroveti, Sacco. Wasikilizaji hawa ndio wanaojenga ushago.

Pili, siku nyingine iende mtandaoni, kwa leseni halali, kwa kilobiti 32 na siyo 128. Hapo saa moja ni megabaiti 14.4, na Jumapili nzima ya saa nne haifiki 58. Kwa wasikilizaji 1,000 seva itahitaji megabiti 32 kwa sekunde, kitu ambacho seva ya kawaida ya kukodi inaweza. Ndugu zetu wa ughaibuni watasikiliza hukohuko waliko.

Tatu, na hili silegezi: nusu ya nyimbo ziwe za Wakenya. Kama ni kucheza marehemu wa Marekani tu, flashi ya mjomba inatosha. Mwanamuziki wa hapa anayeimba kantri anabaki na baa za wikendi kwa sababu hana mlango wa redio. Mlango huo ndio sababu pekee inayonifanya nione kazi hii ina maana.

Huenda nimekosea kuhusu hizo saa 164. Kama kuna mwenye hesabu inayoonyesha kantri inaweza kulipa Jumatano asubuhi, nitafurahi kuiona na nitakubali hadharani.

Mjomba nimempa jibu hili hili, kwa ufupi. Akasema, "Kwa hiyo umesoma miaka minne uje uniambie Jumapili ni siku moja?" Kisha akaniomba nimwongezee nyimbo za Sir Elvis kwenye flashi. Kazi imeanza.