Afya ya Jamaa: Tezi Ndogo Yenye Amri Kubwa



Katika mwili wa mwanadamu mna kiungo kidogo mno, kiasi cha punje ya njegere, kilichowekwa katika kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Jina lake ni tezi ya pituitari. Udogo wake usikughuri, kwani ndiyo itoayo amri kwa tezi nyingine. Amri hizo huitwa homoni, nazo huchukuliwa na damu.

Homoni moja hurefusha mifupa. Ikipungua, mtoto hudumaa. Ikizidi kabla mifupa haijakomaa, hurefuka kupita kiasi. Sultan Kösen, mkulima wa Uturuki aliyezaliwa mwaka 1982, alipatwa na uvimbe katika tezi hii, akafikia urefu wa sentimita 251. Mwaka 2010 alitibiwa kwa mionzi huko Virginia, Marekani, na baadaye kurefuka kukakoma.

Homoni ya pili huiamuru tezi ya shingoni, isimamiayo jinsi mwili unavyotumia chakula kupata joto na nguvu. Amri hiyo ikipungua, mtu huona baridi, huchoka na hunenepa. Nyingine mbili huamsha viungo vya uzazi kijana anapobaleghe: kwa mwanamke hupevusha mayai na kupanga hedhi, kwa mwanamume husaidia kutengeneza mbegu. Tena iko ya kuleta maziwa ya mama.

Hapa waume wasikilize vyema. Mwanamke akitokwa na damu nyingi mno katika kujifungua, tezi hii huweza kukosa damu, sehemu yake ikafa. Dalili zake ni hizi: maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nguvu humwisha, nywele za makwapani hupukutika. Mke wa namna hii huweza kuitwa mvivu, au kudhaniwa amerogwa, hata akapewa talaka. Naye hana kosa, ni mgonjwa. Homoni alizopungukiwa hupatikana hospitali kwa dawa, na akicheleweshwa huweza kufa.

Kadhalika si kila mfupi ni mgonjwa, lakini mtoto aliyeachwa nyuma na wenziwe, au msichana wa miaka 13 na mvulana wa miaka 14 wasioonyesha dalili yoyote ya kubaleghe, wasichekwe. Wapelekwe kwa daktari mapema, kwani mifupa ikishafunga, dawa ya kurefusha haifai tena.

Basi, ewe mzazi, mpime mwanao ukutani kila miezi 6, uandike na tarehe. Karatasi hiyo itamfaa daktari kuliko maneno mengi.