Omba Maji Kwanza

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya ugomvi unaoingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi.

Nani hajaona jambo hili kwenye kilio huku Katana? Wakatoliki na Waprotestanti wamekuja pamoja kumlilia marehemu. Kasiksi inaletwa. Mprotestanti anaikataa, kwa sababu kanisa lake lamkataza pombe. Mwenye nyumba anadhani amedharauliwa. Mgeni naye anadhani amejaribiwa. Hakuna aliyesema neno baya, walakini wanaachana na uchungu moyoni. Lakini mama mwenye busara hutangulia kuuliza, “Baba, wewe wanywa nini?”, kisha humletea kikombe cha mutobe. Mgeni hakuiacha imani yake, wala mama hakuiacha yake. Lililoondoka ni lile shaka tu.

Tusidhani kwamba mapatano ya namna hii yalikuwako siku zote. Wakati wa Wabelgiji misioni za Kikatoliki zilipata fedha za serikali kwa shule zao, bali za Kiprotestanti hazikupata mpaka mwaka 1948. Kila upande ulikuwa na shule yake, na mara nyingi maneno yake ya kumdharau mwenzake. Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya umoja wa Wakristu, ukatufundisha kuwahesabu Waprotestanti kuwa ndugu zetu.

Mti huo umezaa. Mwezi wa Januari 2025 Maaskofu wetu wa CENCO na wachungaji wa Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC) walitoa pamoja mwito wa mazungumzo kwa ajili ya amani. Mwezi wa Februari walionana na Rais Tshisekedi huko Kinshasa, kisha wakaenda Goma kwa wakubwa wa M23, na Kigali kwa Rais Kagame. Siku zile zile vita vilishuka kwa barabara ya Kalehe, vikapita Katana. Tarehe 14 kiwanja cha ndege cha Kavumu kikatekwa, na tarehe 16 Bukavu. Safari yao haikuvizuia vita, na watu wengi waliwalaumu kwamba wamekwenda kuzungumza na adui.

Ugomvi huo umeingia sasa mpaka kwenye meza ya chakula. Baba asema, “Mwenye kushika silaha asisikilizwe.” Mwana ajibu, “Tusipozungumza tutakwisha.” Mmoja aitwa mpenda damu, mwingine aitwa msaliti. Nao wote wawili wamelilia makaburi yale yale!

Twawaambieni wazi: kusikiliza si kukubali. Aliyeua ameua, na haki ya waliofiwa haifutwi na mazungumzo yoyote. Walakini mtu asiyejua mwenzake asema nini hawezi kumjibu. Hujibu kivuli tu.

Mkumbukeni Bwana wetu kwenye kisima cha Yakobo. Wayahudi na Wasamaria waligombana hata juu ya mahali pa kumwabudu Mungu. Yesu hakuanza kwa kumshinda yule mwanamke kwa maneno. Alimwomba maji, kama mtu mwenye kiu anayehitaji msaada wake. Baadaye alimwambia ukweli wote, hata ule wa maisha yake, wala hakuficha neno. Mwanamke alivumilia kuusikia, kwa kuwa alikuwa ameheshimiwa kwanza.

Basi, wazazi wapenzi, tufanye hivi nyumbani. Kabla ya kumjibu mwenzako, yarudie maneno yake mpaka yeye mwenyewe aseme, “Ndiyo, ndivyo nilivyosema.” Ndipo useme lako, bila hasira na bila kuficha. Na baba wa jamaa aanze, maana watoto hufuata nyayo wanazoziona. Pengine hamtapatana usiku huo. Lakini mtaweza kusali Rozari pamoja, na kesho kuketi tena mezani pamoja.

Wazee walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa siku chache. Jina la msaliti alilopewa ndugu hukaa miaka.