Msimamizi wa Kipaimara Asiishie Kwenye Picha

Kila Baba Askofu anapofika parokiani kutoa Sakramenti ya Kipaimara, mambo huenda kwa namna tunayoifahamu sote. Watoto wamevaa sare nyeupe, kwaya imefanya mazoezi kwa wiki nyingi, WAWATA wamewasha majiko tangu alfajiri, na nyuma ya kila mtoto amesimama mtu mzima mmoja ameweka mkono wa kulia begani kwake. Askofu anampaka mtoto Krisma, mtoto anaitika Amina. Baada ya Misa wanapiga picha mbele ya kanisa, wanakula pilau, wanaagana. Kwa wasimamizi wengi kazi imeishia hapo. Wengine hawataonana tena na mtoto yule mpaka siku ya ndoa yake, kama atafunga ndoa kanisani.

Makala haya tunayaandika sisi mafrateri tuliopita katika parokia mbalimbali wakati wa likizo na wakati wa mwaka wa uchungaji. Tunataka kusema jambo moja tu. Kabla ya shughuli nyingine yoyote, kijana anayekua katika imani anahitaji mtu mzima mmoja, mwenye imani, ambaye hataondoka. Mtu huyo Kanisa limekwisha kumpa. Ni sisi tunaomwacha aende zake baada ya picha.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wawili kati yetu tulipangiwa parokia moja ya mjini kwa mwaka wa uchungaji. Tulikuwa na ari kweli kweli. Ndani ya miezi mitatu tulikuwa na kikundi cha vijana wa sekondari kila Jumamosi jioni, timu ya mpira, mashindano ya maswali ya Biblia na mafungo ya Kwaresima. Baba Paroko alifurahi, na Halmashauri ya Walei ikatupigia makofi. Jumamosi moja, tulipokuwa tunapanga viti, kijana mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma akitusaidia. Kisha akauliza, “Frateri, ninyi mnaondoka lini?” Tukamwambia kwamba mwaka wa masomo ukifika tutarudi seminarini. Akasema, “Sawa,” akachukua begi lake, akaenda.

Tulidhani anauliza ratiba. Ilituchukua muda kuelewa kwamba alikuwa anapima kama inafaa kutuambia jambo lililokuwa moyoni mwake, na jibu letu lilimwonyesha kwamba haifai. Mwaka uliofuata tulipopita pale kusalimia, kikundi kilikuwa kimekufa. Mpira ulikuwa kwenye kona ya stoo, hauna upepo. Kijana yule, tuliambiwa, ameacha shule, na hakuna aliyejua vizuri alikokwenda. Jambo alilotaka kutuambia hatulijui hadi leo.

Hatusemi kwamba shughuli za vijana hazina maana. TYCS mashuleni, VIWAWA parokiani, hija, makongamano ya jimbo, vyote vimewalea wengi wetu. Baadhi yetu tulisikia wito wetu huko huko. Lakini kongamano linaanza Ijumaa na kwisha Jumapili, na matatizo ya kijana hayafuati ratiba hiyo. Tufikirie miaka inayofuata Kipaimara: kuingia sekondari, mwili kubadilika, simu ya kwanza, rafiki wa kwanza wa kike au wa kiume, baba na mama kugombana, matokeo ya kidato cha nne, na kukaa nyumbani bila kujua la kufanya. Katika miaka hiyo hiyo watu wazima wanaomzunguka hubadilika kila mara. Mwalimu anahamishwa. Paroko anahamishwa. Frateri anarudi shuleni. Mwenyekiti wa vijana anaoa na kuhamia mtaa mwingine.

Kijiweni hakuna uhamisho. Wanaobeti, wanaovuta bangi, wanaomfundisha binti kwamba mwanaume mwenye pikipiki ndiye mkombozi wake, wapo pale pale asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, na wanamfahamu kijana kwa jina. Tukijiuliza kwa nini wanasikilizwa kuliko sisi, tusikimbilie kusema dhambi ni tamu. Wao wapo. Sisi tunapita.

Sasa tuangalie Kanisa linasema nini juu ya msimamizi. Kanuni ya 892 ya Sheria za Kanisa inamkabidhi jukumu la kuangalia kwamba aliyepokea Kipaimara anaishi kama shahidi wa kweli wa Kristo na anatimiza kwa uaminifu wajibu unaotokana na sakramenti hiyo. Hakuna tarehe ya mwisho pale. Kanuni ya 893 inamtaka awe na sifa zile zile za msimamizi wa Ubatizo zilizotajwa katika kanuni ya 874: kwa kawaida awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, aishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Tena inapendekeza awe yule yule aliyemsimamia katika Ubatizo. Ukiyaweka hayo pamoja, utaona wazo la Kanisa. Pembeni ya wazazi, awepo mtu mzima mwingine anayemfahamu mtoto tangu mchanga, na anayeendelea kuwepo sauti inapoanza kubadilika.

Wazo hili si geni kwetu. Katika jamii zetu nyingi, kijana aliyetoka jandoni au unyagoni alikuwa na mtu aliyemwongoza. Huko pwani, binti alikuwa na somo wake, mwanamke aliyemfunda na ambaye angeweza kumwendea hata baada ya kuolewa. Si kila kilichofundishwa kule kinapatana na Injili, lakini wazee walijua kwamba kumpitisha mtu kutoka utotoni kuingia utu uzima si kazi ya siku moja ya ngoma. Tena neno hilo hilo, somo, ndilo tunalolitumia kanisani kwa mtakatifu ambaye tunabeba jina lake. Kila mmoja wetu ana somo mbinguni. Vijana wetu wengi hawana somo duniani.

Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Christus Vivit, yaani “Kristo Anaishi”, wa tarehe 25 Machi 2019, alikiri kwamba wengi waliohudhuria Sinodi ya Vijana ya mwaka 2018 waliona upungufu wa watu wenye uzoefu walio tayari kuwasindikiza vijana. Katika namba 246 aliweka maneno ya vijana wenyewe, waliokutana Roma mwezi Machi 2018 kabla ya Sinodi, kuhusu mlezi wanayemtaka. Inafaa kila msimamizi aisome. Hawakuomba mtu asiye na dosari. Walitaka Mkristo mwaminifu anayesikiliza bila kuhukumu, anayejua mipaka yake, anayekubali kwamba naye ni mdhambi aliyesamehewa, anayetembea pamoja nao badala ya kuwaburuta, anayepanda mbegu bila kudai kuona matunda haraka. Na walisema wazi kwamba kazi hii isiachiwe mapadre na watawa peke yao. Walei nao wawezeshwe kuifanya.

Mtakatifu Yohane Bosco anatuonyesha maana ya kukaa. Wengi wetu tunakijua kisa cha tarehe 8 Desemba 1841 kule Torino, alipomkuta katika sakristia kijana yatima, Bartolomeo Garelli, akifukuzwa kwa fimbo kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Don Bosco alimwita, akaongea naye kirafiki, akamfundisha ishara ya msalaba, akamwomba arudi. Kisa hiki tunakipenda kwa sababu ni kifupi. Tunakisahau kilichofuata. Alihamahama na vijana wale, wakifukuzwa huku na kule, mpaka walipopata banda la Valdocco mwaka 1846. Miongoni mwa watoto aliowafahamu miaka hiyo alikuwemo Mikaeli Rua, aliyezaliwa mwaka 1837 na kufiwa na baba angali mdogo. Don Bosco aliendelea naye shuleni, kazini, hadi upadrisho wake mwaka 1860. Alipofariki mwaka 1888, Rua ndiye aliyeshika nafasi yake. Hiyo ni miaka zaidi ya 40 na mtu mmoja.

Tunajua yapo maswali. La kwanza ni la wazazi: je, ni salama kumwachia mtoto wetu mtu mwingine? Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa Kanisa limeumizwa, na watoto wameumizwa zaidi, na watu waliojiita walezi. Kwa hiyo usindikizaji usiwe wa sirini. Msichana asimamiwe na mwanamke, mvulana na mwanaume. Wakutane mahali wanapoonekana: uwanja wa kanisa, sebuleni wenyeji wakiwepo, kwenye jumuiya. Wazazi wajue siku na saa. Kusiwe na ujumbe wa simu usiku wa manane wala zawadi za kificho. Msimamizi aelewe pia kwamba yeye si muungamishi. Siri ya kitubio ni ya padre. Kijana akimweleza kwamba anadhulumiwa, nyumbani, shuleni au hata na mtumishi wa Kanisa, asilifunike jambo hilo. Alifikishe kwa Paroko na kwa vyombo vinavyohusika, ikiwemo ofisi ya ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na anayetajwa akiwa kiongozi pale parokiani, aende moja kwa moja kwa vyombo hivyo na kwa Askofu.

Swali la pili ni la wasimamizi: nani ana muda? Tunajibu kwamba muda unaohitajika ni mdogo kuliko tunavyoogopa, ila lazima uwe wa kudumu. Saa moja mara mbili kwa mwezi. Salamu baada ya Misa ya Dominika. Kuuliza mtihani wa hisabati umekwendaje, na kukumbuka jibu. Mama mmoja muuza mboga tuliyemfahamu hakuwahi kuhudhuria semina yoyote ya malezi. Binti aliyemsimamia alikuwa akipita gengeni kwake kila Jumamosi asubuhi kumsaidia kufunga mafungu ya mchicha, na huko ndiko walikozungumza yote. Binti yule sasa anafundisha watoto wa Kipaimara pale pale parokiani. Emau pia ilikuwa hivyo: Bwana aliwakuta njiani, akatembea nao, akawauliza wanazungumza nini, ndipo akawafafanulia Maandiko.

Tunapendekeza basi mambo machache kwa parokia zetu. Msimamizi atafutwe mwanzoni mwa mafundisho ya Kipaimara, si wiki ya mwisho, na ahudhurie baadhi ya vipindi pamoja na mtoto. Wazazi waache kumchagua mjomba wa mbali kwa sababu ya zawadi. Wachague mtu wa karibu, ikiwezekana wa jumuiya yao ndogo ndogo. Mtu mmoja asisimamie watoto kumi. Wawili au watatu wanatosha. Aahidi mbele ya jumuiya kwamba atakuwa na kijana huyo kwa miaka mitano, na viongozi wa jumuiya waulize mara mbili kwa mwaka wanaendeleaje. Kijana akienda kusoma au kutafuta kazi mji mwingine, msimamizi ampigie simu katekista wa huko, amkabidhi kwa jina. Ng'ombe akihamishwa zizi tunaandika kibali. Mtoto wa Mungu anahamia Dar es Salaam na hakuna anayejulishwa.

Na kwetu mafrateri, tuna ombi moja. Tunapofika parokiani, tusianzishe kitu kinachotegemea sura zetu. Swali letu la kwanza liwe: nani alikuwepo hapa kabla yetu, na nani atabaki? Kazi yetu iwe kumtia moyo huyo anayebaki, kumpa mafundisho, kukaa naye pale kijana anapomjaribu kwa ukimya au kwa jeuri. Wazee husema udongo uupate ungali maji. Ni kweli, lakini muulizeni mfinyanzi yeyote. Kuufinyanga ni kazi ya muda mfupi. Chungu kinataka kikaushwe taratibu kivulini, kisha kichomwe. Anayekifinyanga na kukiacha nje kinyeshewe hana chungu, ana tope.

Mwaka huu pia watoto watasimama mbele ya Askofu, na mikono itawekwa mabegani mwao. Tunawaomba ninyi mtakaoiweka mikono hiyo mjiandae kwa swali ambalo sisi tulilijibu vibaya. Litakuja, pengine baada ya mwaka mmoja, pengine kwa maneno mengine. Mnaondoka lini? Muwe na jibu ambalo sisi hatukuwa nalo: siondoki, keti hapa, niambie.