Mwenye Dhamiri Asiogope Kusomea Sheria

Kijana akitangaza nyumbani kwamba anataka kusomea sheria, mara nyingi huonywa kabla ya kupongezwa. Huambiwa kazi hiyo haimfai mcha Mungu, kwani siku moja atalazimika kumtetea muuaji, mbakaji au mwizi wa mali ya umma, na malipo atakayopokea yatamfanya mshiriki wa dhambi hiyo. Husema hivyo watu wazima wenye heshima zao, na ni nadra mtu kuwapinga. Mimi nawapinga. Imani hiyo imekosea mahali dhambi ya wakili inapokaa, na kosa lenyewe lina madhara makubwa: linawafukuza vijana waadilifu kutoka taaluma inayowahitaji mno, na kuwaacha mawakili wasio waadilifu wakiheshimiwa kwa sababu tu hawajawahi kuonekana karibu na kizimba.

Tuanze na kesi ya Kapenguria, Kenya. Mwishoni mwa 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walifikishwa mbele ya Jaji Ransley Thacker wakishtakiwa kuongoza Mau Mau, vuguvugu la uasi dhidi ya ukoloni. Machoni pa walowezi watu hao walikuwa uovu wenyewe, na aliyekwenda kuwatetea alihesabiwa mwenzao. Hata hivyo D. N. Pritt alitoka London akajiunga na mawakili wa Nairobi, miongoni mwao A. R. Kapila na Fitz de Souza, pamoja na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika. Walishindwa; Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa miaka 7 ya kazi ngumu. Baadaye ikajulikana kwamba Rawson Macharia, shahidi muhimu kuliko wote, alikuwa ameahidiwa na serikali safari ya ndege na masomo Uingereza, na mwaka 1958 mwenyewe aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Jaji naye alikuwa amelipwa pauni 20,000. Uchafu wa kesi ile ulikuwa upande wa wenye mamlaka na sifa njema, si kwa wale waliokubali kusimama na watu waliochukiwa.

Nitajibiwa kwamba Kenyatta alisingiziwa, na kwamba muuaji wa kweli ni habari nyingine. Basi tuichukue kesi ya wauaji wa kweli. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakama ya Mavoko, kisha miili yao ikapatikana mtoni. Mwenda, mwendesha bodaboda, alikuwa amethubutu kumlalamikia askari polisi aliyempiga risasi, na Kimani ndiye aliyekuwa akimsimamia. Washtakiwa walikuwa watano: askari wanne na mpasha habari wao. Walitetewa na mawakili, yaani watu wa taaluma ileile ya marehemu. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani wanne na kumwachia huru mmoja. Hapo ndipo ninapowaomba wanaohubiri kwamba mtu wa namna hii hastahili kutetewa watueleze jambo moja: bila utetezi, huyo wa tano angetenganishwaje na wenzake? Hukumu ya wale wanne inaaminika kwa sababu ushahidi dhidi yao ulipigwa maswali ukasimama. Kumtetea mtu si kulitetea kosa lake, na Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 50, haikumpa mshtakiwa haki ya wakili kwa kuwahurumia wahalifu. Ilimpa kwa kuwa kabla ya kesi kusikilizwa hakuna ajuaye kwa hakika mhalifu ni nani.

Dhambi ya wakili ipo, tena nzito, lakini tunaitafuta kusiko. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma iliwanyoshea kidole wanasheria, pamoja na wapima ardhi, wathamini na mabenki. Viwanja vya shule na vipande vya misitu havikuchukuliwa na majambazi wenye mapanga. Vilichukuliwa kwa barua za ugawaji, mikataba ya mauzo, hati za uhamisho na saini zilizoshuhudiwa, kazi za watu waliojua vizuri kwamba ardhi ya umma haigawiwi hivyo na wakaamua kutouliza. Hali ni hiyohiyo kwa wakili anayekalia fidia ya bima ya majeruhi iliyoingia katika akaunti ya wateja, au anayemsainisha mjane karatasi za mirathi asizozielewa. Wakili wa aina hii huenda hajawahi kumtetea mwizi hata mmoja. Kwenye harambee jina lake husomwa kwanza, na ndiye tunayemtaja tunapowaambia watoto wetu waige watu waliofanikiwa.

Swali gumu zaidi ni la mteja anayekiri faraghani kwamba alitenda kosa. Hapo maadili ya kazi yana mpaka ulio wazi kuliko wengi wanavyodhani. Wakili anaweza kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe shtaka lake, na lazima aitunze siri ya mteja. Hawezi kumpandisha kizimbani shahidi huku akijua kwamba shahidi huyo atasema uongo, wala kughushi hati. Na mteja akimwendea kupanga uhalifu, kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hakiyalindi mazungumzo hayo. Kukaa ndani ya mpaka huo kila siku, mbele ya mteja anayelia au anayetoa vitisho, kunamhitaji mtu aliyelelewa akajua aibu. Huyo hasa ndiye tunayemzuia.

Wapo pia mawakili wanaoipenda imani hii kwamba uwakili ni kazi ya dhambi, maana inawapa kinga. Ikiwa taaluma yenyewe ni chafu, nani atamlaumu aliyechafuka? Husema wanafuata maagizo ya mteja tu. Lakini wakili ni afisa wa mahakama, na anaruhusiwa kukataa agizo, hata kujiondoa katika kazi. Gharama ya kukataa ndiyo tusiyoizungumza. Wakili mchanga mwenye deni la masomo, akiletewa mkataba ulioandikwa tarehe ya nyuma na mteja anayeilipia ofisi nusu ya kodi ya pango, anajua akikataa huenda akakosa kazi mwezi ujao. Wazazi wanaomwombea asikutane na wauaji wamwombee pia siku hiyo, na wamwekee akiba ya kumvusha miezi michache asije akasaini kwa njaa. Na Chama cha Mawakili, kinachotoza ada wanachama wake kila mwaka, kitenge sehemu ya fedha hizo kumsaidia kisheria na kimaisha wakili aliyefukuzwa kwa kukataa kuweka saini.