Shoka la Zamani na Mpini Mpya

Nyuma ya nyumba nyingi kuna shoka lisilo na mpini. Limelala penye takataka, pamoja na chungu kilichovunjika na sufuria iliyotoboka. Mvua inalinyeshea, kutu inalila, kuku wanalikanyaga. Siku ile mpini ulipovunjika, mwenye nyumba alisema: «Shoka limekufa.» Akaenda kuazima la jirani.

Je, alisema kweli? Hapana. Shoka halikufa. Kilichokufa ni mti tu. Chuma kingali kizima.

Chuma na mti havina umri mmoja. Mwaka wa 1957 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, katika nchi ya Katanga. Mengi ya makaburi hayo yana umri wa miaka elfu moja hivi. Ndani yake walikuta vyungu, na vitu vya shaba na vya chuma vilivyofuliwa na wahunzi wa zamani. Mti ukizikwa udongoni huoza upesi, lakini chuma kile kilingoja. Basi shoka la babu, lililokaa mvuani miaka mitano tu, mbona linahesabiwa kuwa limekufa?

Wengine watajibu: «Mashoka mapya yako sokoni. Kwa nini kujisumbua?» Watu hao wanasahau kwamba shoka jipya nalo lina mpini, na mpini huo nao utavunjika siku moja. Asiyejua kutia mpini atarudi sokoni kila mara. Mtu huyo hanunui shoka, ananunua mpini kwa bei ya chuma. Tena mashoka mengine ya bei rahisi yana chuma laini, na makali yake hujikunja yakikutana na mti mgumu. Shoka la babu limekwisha kujaribiwa. Lilikata miti ya nyumba, likapasua kuni za miaka mingi, na makali yake hayakushindwa. Shoka la kuachwa ni lile tu lenye ufa katika tundu lake. Hilo lisitiwe mpini, lipelekwe kwa mhunzi.

Lakini liko jambo kubwa kuliko fedha, ndiyo maisha ya watu. Katika Biblia, kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 19, kuna habari ya mtu aliyekwenda mwituni pamoja na mwenzake kukata miti. Anainua shoka, chuma kinachomoka katika mpini, kinampiga mwenzake, naye anakufa. Sheria ile ya kale ilimpa mtu huyo mji wa kukimbilia, asiuawe na ndugu za marehemu, maana hakumchukia mwenzake tangu zamani. Sheria hiyo ilikuwa ya haki. Lakini liko swali. Mtu akijua tangu jana kwamba shoka lake linacheza, na leo akalichukua vilevile, na watoto wamesimama karibu naye, je, huyo naye atasema: «Sikukusudia»? Kweli, hakukusudia kuua. Lakini alijua, akanyamaza. Uvivu wake ndio uliorusha chuma.

Wavivu wana dawa zao za shoka linalocheza. Dawa ya kwanza ni maji. Jioni hulitumbukiza shoka katika ndoo. Mti hunywa maji, huvimba, na asubuhi chuma kimekaza. Lakini mti uliovimba ndani ya tundu la chuma hauna nafasi, na nyuzi zake hupondeka. Ukikauka, huwa mwembamba kuliko jana. Kuloweka shoka ni kama kukopa kwa riba: leo unapata kidogo, kesho unadaiwa zaidi.

Dawa ya pili ni misumari. Hupigwa miwili au mitatu kichwani mwa mpini bila kufikiri. Msumari mnene huupasua mti, na ufa huo huendelea kila shoka linapopiga.

Dawa ya tatu ni moto. Mpini ukivunjika, kipande hubaki ndani ya tundu, na mvivu hukitupa chuma chote motoni ili kipande kiungue. Kumbe anayaharibu makali. Makali yalipata ugumu wao kwa moto na kwa maji, kwa kipimo cha fundi. Yakipata joto la kupita digri 200 hivi, ugumu huo huanza kupungua, na moto wa kuni hupita digri 500 bila shida. Shoka likitoka humo, kwa macho ni lilelile, lakini makali yake yamekuwa laini. Heri kukitoboa kile kipande kwa patasi au kwa msumari mnene, kisha kukisukuma kitoke kwa upande wa juu, kwa kuwa tundu la shoka ni pana zaidi juu kuliko chini.

Njia iliyo njema ni ndefu kidogo, lakini si ngumu. Kwanza ni kuchagua mti. Mpini wataka mti mgumu unaokubali kupinda bila kuvunjika. Mpera unafaa sana, na mkole pia. Uwe umenyoka, usiwe na fundo, na nyuzi zake ziende moja kwa moja toka mwanzo mpaka mwisho. Mti huo hubanduliwa maganda, huachwa mnene kuliko unavyotakiwa, na huwekwa kivulini au darini juu ya jiko miezi kadhaa, ukauke polepole. Mti mbichi hudanganya. Leo umejaa tunduni, baada ya wiki chache umepungua, na chuma kinacheza. Ndiyo maana mtu mwenye busara huwa na mti wa mpini darini kabla shoka lake halijavunjika.

Pili ni kuchonga. Mpini wa shoka dogo la mkono mmoja huwa na urefu wa sentimeta 35 mpaka 40. Wa shoka kubwa la mikono miwili ni sentimeta 70 mpaka 90. Huchongwa kwa panga, kisha kwa kisu, hupalazwa kwa kipande cha chupa, na mwisho husuguliwa kwa majani makavu ya msasa mpaka usiumize kiganja. Kichwa cha mpini huingizwa tunduni kidogo, kisha hutolewa. Pale palipoingia alama nyeusi ya chuma ndipo palipozidi, napo hupunguzwa kidogo tu. Huingizwa tena, hutolewa tena. Mwenye haraka hukata mengi mara moja, na mti uliokatwa haurudi.

Tatu ni kukaza. Hapa fundi hufanya jambo la kushangaza. Huushika mpini ukiwa wima, chuma kikining'inia upande wa chini bila kugusa ardhi, kisha huupiga mpini kwenye ncha ya juu kwa nyundo ya mti. Mtoto angedhani chuma kitaanguka. Lakini chuma ni kizito, hakikubali kuondoka upesi mahali pake. Mpini ndio unaoshuka ndani ya tundu, na kila pigo huuzidisha. Kisha hupigwa kabari, yaani kipande cha mti mgumu, chembamba kama ulimi, katika ufa uliopasuliwa kwa msumeno kichwani mwa mpini. Kabari huupanua mti, nao hauwezi tena kuchomoka.

Shoka la wahunzi wa vijijini ni la namna nyingine. Halina tundu. Lina mkia mwembamba unaopenya kichwa kinene cha mpini. Kila pigo huusukuma mkia huo ndani zaidi, hata shoka hujikaza lenyewe. Lakini kichwa cha mpini kikipasuka, hakuna dawa ila mpini mpya.

Basi, nani ajifunze kazi hii? Katika vijiji vingi wanaokata kuni ni mama na wasichana, lakini kutia mpini kumeachiwa wanaume. Mpini ukivunjika na baba yuko safarini, mama hubaki na jiko baridi, au hukata kuni kwa shoka linalocheza. Desturi hiyo haifai. Anayelishika shoka ndiye ajue kulitia mpini, awe mvulana, awe msichana.

Tena ingefaa kila nyumba iwe na amri hii: mtoto asipewe shoka la kukatia kuni mpaka ametia mpini mmoja kwa mikono yake, mbele ya mkubwa anayejua. Si kwa kumtesa. Mtoto aliyechonga na kukaza anajua chuma kinashikwa na nini. Kabla ya kuliinua shoka atalitikisa. Akisikia linacheza, ataliweka chini bila kuambiwa, na wadogo zake watakaa salama.

Wahenga walisema: «Usipoziba ufa utajenga ukuta.» Lile shoka la nyuma ya nyumba liokotwe leo, lisuguliwe kutu, litazamwe tundu lake. Na mti wa mpini ukatwe leo, uwekwe darini. Ukikauka, shoka la babu litarudi kazini, na mwenye nyumba hatakwenda tena kuazima la jirani.